Boila, Gauni Jeupe na Mikono ya Fundi

Mshauri wetu, shikamoo, na unisamehe kwa urefu wa barua hii, lakini jambo lenyewe limenikaa kooni tangu siku ya kikao cha harusi yangu na sina mwingine wa kumweleza, maana kila ninayemfahamu alikuwepo kwenye hicho kikao, na kila aliyekuwepo alicheka, na mimi mwenyewe nilicheka tena kwa sauti, na hapo ndipo penye shida yangu.

Mimi ni dada wa duka la miwani. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya kaunta ya kioo na kumvisha mteja fremu hii na ile mpaka apate inayomkaa, na mchumba wangu ni mtengenezaji wa aiskrimu, ana kiduka chake pembeni ya soko, na mtaa mzima unamwita Bwana Barafu. Ndiyo maana harusi yetu tumeipanga msimu wa baridi, kwa sababu joto likianza tu huyo mtu humwoni tena, anaingia kazini jua halijachomoza, anatoka vidole vimekufa ganzi na ananukia vanila mwili mzima, lakini baridi ikiingia anafunga duka, anapaka rangi mashine zake na anarudi kuwa binadamu wa kawaida mwenye nafasi ya kuoa. Utani tuliopigwa, Mshauri, ungejaza ukurasa mzima. Eti mtu wa barafu anaoa kwenye baridi, wageni waje na mablanketi, keki itakatwa kwa shoka, na mama mkwe wangu, mwanamke mcheshi kupita kiasi, ameshatangaza kwamba bibi harusi atavaa fulana ya sufu chini ya gauni na hakuna atakayejua isipokuwa yeye, kwa kuwa anaifuma mwenyewe. Nakueleza haya ili ujue kwamba nyumba ninayoingia ni nyumba ya furaha, sina kinyongo na mtu, kila nikikaa najikuta nashukuru, na huenda ndiyo maana hili moja linaniuma zaidi.

Sasa nikwambie habari za Fundi. Nilikuwa mdogo wa kwenda dukani kwa kushikwa mkono alipokuja nyumbani kutengeneza bomba la joto lililokuwa linavuja chini ya dirisha, mama akampa chai, bomba likapona siku ile ile, ila yeye akaendelea kuja kuliangalia. Akaja tena na tena, analigonga kwa kijiti, analitega sikio, anasema bado halijatulia, na mama anachemsha chai nyingine. Mama aliniambia, "Msalimie Fundi," nami nikamsalimia Fundi, na jina likabaki hilo hilo hata walipooana, hata alipohamia, mpaka leo hii namwita Fundi kama anavyoitwa na muuza mboga na jirani wa ghorofa ya juu. Yeye ndiye msimamizi wa boila kwenye jengo kubwa la ofisi, lile tanuri linalochemsha maji ili mabomba yapashe joto vyumba vyote, na sisi tulikaa kwenye vyumba vya wafanyakazi nyuma ya jengo hilo hilo. Asubuhi za baridi alikuwa anatangulia kazini, nami kabla ya kwenda shule napita mlangoni kwa chumba chake cha boila, nakuta soksi zangu na glavu zangu amezilaza juu ya bomba la moto, ananiambia, "Bosi, glavu zimeiva." Ananiita Bosi tangu utotoni kwa sababu nilikuwa napenda kumpangia kazi. Mshauri, nimevaa glavu nyingi maishani, nyingine za ngozi, lakini sijapata tena joto kama lile.

Mama alifariki nikiwa sekondari. Baada ya mazishi ndugu walikaa kuulizana nani atanichukua, na shangazi yangu, dada yake baba yangu mzazi, alikuja kabisa na begi tupu la kutilia nguo zangu, na wala si kwa ubaya, alikuwa anatimiza wajibu wake. Fundi hakuhutubia. Alisema tu, "Ana mtihani. Amalize kwanza mtihani." Nikamaliza mtihani ule, ukaja mwingine, ukimalizika ule kuna wa mwaka unaofuata, na kila shangazi alipopiga simu Fundi alimjibu vile vile, "Ana mtihani," mpaka lile begi likasahaulika na mimi nikawa mtu mzima mikononi mwake. Hajawahi kuniita mwanangu mbele za watu. Nilimsikia siku moja akimweleza jirani kwamba mtoto ana baba yake, si vizuri kujitwalia cha mwenzio. Baba yangu mzazi aliondoka nikiwa bado natambaa, akaoa mbali, hatuna ugomvi, sikukuu hutuma salamu na mimi hujibu.

Basi turudi kwenye kikao. Tulikaa sebuleni kwa shangazi, naye ndiye aliyekuwa anagawa kazi, huyu viti, huyu muziki, huyu kupokea wageni. Ukumbi tuliopata ni wa zamani, mzuri sana, dari yake iko juu, lakini unapashwa na boila la makaa lililo chini kabisa ya jengo, na mlinzi wa ukumbi alituonya kwamba lina kiburi, tuje na mtu wetu anayelimudu. Shangazi akauliza, "Joto la ukumbi nani atalisimamia?" Kabla hajafunga mdomo sebule nzima ikageuka na kupiga kelele, "Fundi!" Watu wakapiga makofi, wajomba wakagonga meza, na Fundi akasimama akainama kama mtu aliyechaguliwa ubunge, akasema, "Hamtatetemeka." Tukacheka mpaka machozi. Ilikuwa ni heshima, Mshauri, kweli ilikuwa heshima, hakuna aliyemdharau. Halafu shangazi akaendelea, akafika kwenye kuniingiza ukumbini, akasema baba yangu mzazi anakuja, yeye ndiye atakayenishika mkono, "Mwenye mtoto yupo hai, tutafute mwingine wa nini?" Hakuna aliyepinga. Mimi nilikuwa bado najifuta machozi ya kucheka, na nilipoinua macho nilimwona Fundi anaangalia ndani ya kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu.

Njiani kurudi nyumbani nikaanza kuelewa maana ya kilichopangwa. Boila la namna ile haliachwi, linalishwa na kuchunguliwa saa zote, kwa hiyo nikiwa juu naolewa, Fundi atakuwa chini ya sakafu anapiga beleshi. Nikamwambia, "Fundi, sasa wewe hutaniona." Akanijibu kwa uchangamfu kabisa, "Nitawasikia kupitia mabomba, Bosi. Muziki unapita vizuri sana kwenye mabomba." Ameshakwenda kulikagua hilo boila na amerudi akilisifia, eti ni mashine nzuri ila ilikosa malezi. Suti yake ya pekee, aliyoipeleka kwa fundi cherehani iongezwe tumboni, ameirudisha na kuitundika ikiwa bado kwenye karatasi, anasema ya nini huko chini, itakula masizi bure. Nikambembeleza basi apande juu hata kidogo, asimame mlangoni, akanionyesha viganja vyake, weusi umeingia kwenye mistari na kuzunguka kucha, akasema, "Mikono hii na gauni jeupe wapi na wapi?" Akacheka, akaenda kulala. Hata ile tabia yake mpya ameiacha. Tangu tulipotangaza uchumba alikuwa kila jioni anajaza beseni maji ya moto, anasugua mikono kwa brashi na sabuni na limau, anasugua mpaka ngozi inakuwa nyekundu, mimi namtania, "Kwani anayeoa ni wewe?" Tangu kikao hajaligusa beseni, limetundikwa msumarini pale jikoni. Labda maji baridi yamemshinda, umri nao unakwenda.

Na baba yangu mzazi naye kanipigia simu, akaniuliza kwa kuona haya, "Nitakushika mkono upande gani?" Nikamwambia sijui, tutaulizia. Halafu akasema, "Na yule mzee aliyekulea, yeye atakuwa wapi?" Nikamjibu atakuwa kazini. Akasema, "Kazini? Siku hiyo?" Nikabadilisha mada.

Basi nikakaa nikafikiri nikaona njia ni moja, tusogeze harusi mpaka msimu wa joto. Joto likiwepo boila halina kazi, boila likikosa kazi Fundi hana sababu ya kuwa chini, atapanda juu kama watu wote na mimi roho yangu itatulia. Nilipomweleza Bwana Barafu aliweka chini brashi ya rangi, akakaa juu ya kopo, akasema msimu wa joto ndio anaotafutia chakula cha mwaka mzima na ndicho nitakachokula na mimi, lakini kama hakuna njia nyingine yuko radhi, tutafunga ndoa asubuhi na mchana atauza koni akiwa na suti. Halafu akaniuliza, "Ila Fundi utakuwa umemwambia nini?" Nikaiokota ile brashi nikaendelea kupaka rangi alipoishia. Mama mkwe ameshafika mabegani na fulana yake, shangazi akisikia tumeahirisha ataniona nimepagawa, na kumtafuta mtu mwingine wa boila siwezi, Fundi atadhani siamini kazi yake, na hiyo itakuwa kumpiga teke. Mshauri, nisogeze harusi au nisisogeze? Nifungie ndoa bustanini watu wagande? Nifanyeje mimi? Nisaidie, maana huyu mtu amenipasha joto maisha yangu yote na sitaki siku yangu kubwa aishie chini ya miguu ya wageni.

Ni mimi, Bibi Harusi wa Kipupwe.

*

Bibi Harusi wa Kipupwe, marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa na soksi mbili mbili na shali mabegani, nikafika kwenye "glavu zimeiva" nikalazimika kuvua miwani na kuifuta. Hongera kwa uchumba, na pole kwa donge hilo la kooni. Sasa kaa vizuri, maana pole imeishia hapo.

Unataka kuhamisha msimu mzima wa mwaka, umnyime kijana wa watu riziki yake, umkatishe mama mkwe katikati ya fulana, umtie shangazi kiwewe, yote hayo ili usiseme sentensi moja. Moja tu, fupi, na unaijua. Barua nzima umeizunguka na hukuiandika popote.

Mwanangu, wewe unauza miwani. Kutwa unawavisha watu vioo waone mbali na waone karibu, na beseni limetundikwa jikoni kwako mbele ya pua yako, hujaliona. Ati maji baridi! Si umeniambia mwenyewe alikuwa anajaza maji ya moto? Mtu wa boila hakosi maji ya moto. Hebu rudia ulichoniandikia. Mzee ameanza kusugua mikono lini? Mlipotangaza uchumba. Ameacha lini? Baada ya kikao. Mtu anayejiandaa kupiga beleshi hasugui kucha kwa limau mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Alikuwa anausafisha mkono wa kukushika. Alijiona moyoni mwake anaingia nawe ukumbini, akapeleka suti iongezwe tumboni, kila jioni akawa anapunguza weusi kidogo kidogo, hakumwambia mtu. Halafu siku moja sebuleni kwa shangazi, katikati ya makofi, akaambiwa yeye ni wa makaa na mkono ni wa mwingine. Akainama, akasema hamtatetemeka, akaenda kutundika beseni lake.

Nilipoielewa sehemu hiyo chai yangu ilipoa nikaiacha.

Na usinieleze habari za boila. Boila halijamzuia mtu hapa. Boila limempa mahali pa kujificha kwa heshima, ili wewe usione haya, ili baba yako mzazi asione haya, ili shangazi amalize kikao chake kwa amani. Ukisogeza harusi mpaka msimu wa joto, atatafuta sababu nyingine. Atakwambia kuna bomba la maji lina kasoro, au anasimamia maegesho ya magari. Mtu aliyeamua kuwapisha wenzake hakosi mahali pa kusimama.

Mwenyewe hatakuomba, hilo liondoe akilini. Huyu aliyekuweka nyumbani miaka yote kwa neno "ana mtihani" si mtu wa kusimama mbele ya ukoo na kudai nafasi. Anasubiri kuitwa, na hata kusubiri kwenyewe anakuficha. Wewe nawe, kwa adabu zako, unasubiri aonyeshe kwamba anataka. Matokeo yake nyumba moja ina watu wawili wenye adabu kupita kiasi, kila mmoja anampisha mwenzake mlangoni, na hakuna anayepita.

Shangazi yako usimchukie. Alikuta nafasi iko wazi akaijaza, na aliyeiacha wazi ni wewe uliyekuwa unajifuta machozi ya kicheko. Bwana Barafu naye amekuuliza swali la mtu mwenye akili, utakuwa umemwambia nini Fundi, na yuko tayari kuuza koni akiwa na suti kwa ajili yako. Huyo olewa naye hata ndani ya jokofu.

Na kuna mwingine aliyeuliza vizuri kuliko nyote, naye ni baba yako mzazi. "Yule mzee aliyekulea, yeye atakuwa wapi?" Hilo si swali la mtu anayekuja kupora. Ni mtu aliyepewa kiti kikubwa kuliko anavyojiona anastahili, anaogopa kukikalia na anaogopa kukikataa, akakugongea mlango umsaidie, wewe ukabadilisha mada. Mpigie leo. Wewe mwenyewe, usimtume shangazi. Mwambie unashukuru anakuja, nafasi yake iko mstari wa mbele, utafurahi kumwona pale, na atakayekushika mkono ni aliyekulea. Atanyamaza. Mwache anyamaze, usimjazie kimya chake kwa samahani mia. Naamini atakachovuta ni pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo, na hata kama kitamuuma kidogo, ni mtu mzima, atalimudu. Ukimaliza naye ndipo umwarifu shangazi, kwa heshima zote, ila umwarifu tu. Usimwombe ruhusa.

Tuje kwenye makaa. Fundi wa boila mwingine usilete, hapo uko sahihi, usimvunjie heshima kwenye kazi yake. Lakini mimi nakumbuka umesema sebule nzima ilipiga makofi. Safi sana. Wote waliopiga makofi, wajomba waliogonga meza wakiwa mbele, wapangiwe zamu ya beleshi. Fundi awachague mwenyewe, awapeleke mwenyewe chini, awafundishe namna ya kulilisha na kulichungulia, awafokee wakikosea, atafurahi sana. Yeye aliwashe asubuhi mpaka kuta zishike joto, kisha avue ovaroli, aoge, aivue ile suti karatasi na aivae. Na mkifika mlangoni, wewe na yeye, wajomba wote waache beleshi wapande juu waone. Ukumbi ukipoa kidogo watu wana makoti. Sijasikia mgeni aliyegandishwa na bibi harusi kuingia.

Limebaki la sentensi, na hapo nisikilize vizuri maana hapo ndipo utakapotaka kukwepa.

Usimwambie mezani, katikati ya kupeana chumvi, atakutania na wewe utacheka tena, nimeshakuona ulivyo mwepesi wa kucheka. Usimwambie kwa simu. Asubuhi moja ya baridi hii hii, kabla hujafungua duka, nenda kazini kwake, kwenye mlango ule ule uliokuwa ukiupitia na sare za shule. Ingia. Vua glavu zako, zilaze juu ya bomba lake. Atajua umekuja kufanya nini hata kabla hujafungua kinywa, ila usiridhike na kujua kwake, safari hii useme.

Na usianze na "Fundi". Jina ni zuri na lina historia ya chai na bomba lililokataa kutulia, mama yako alilitia utamu, liendelee kuwepo siku za kawaida. Lakini siku hiyo anza na jina ambalo hujawahi kumwita. Sema, "Baba, nataka wewe ndiye unishike mkono." Lifanyie mazoezi njiani. Litatoka limepinda mara ya kwanza, litakwama kwenye meno, watu barabarani watadhani unaongea peke yako. Haidhuru.

Atakujibu boila. Nakuhakikishia ndilo litakalokuwa neno la kwanza. Mwambie kuna mtihani mmoja umebaki, na huu huwezi kuumaliza bila yeye. Akikuonyesha viganja, na atakuonyesha, usibishane naye habari za sabuni. Weka mkono wako humo humo kwenye masizi, ukae hapo mpaka aishiwe na visingizio. Jioni ukirudi nyumbani, litungue lile beseni msumarini, lijaze maji ya moto, uliweke mezani na limau pembeni. Mengine atajua mwenyewe.

Kuna jambo moja nilitaka kukugombeza zaidi, nikashindwa. Barua yako kuanzia juu mpaka chini ni ya shukrani. Soksi umezishukuru, chai ya mama umeishukuru, hata begi tupu la shangazi umelitetea. Ni miongoni mwa barua nzuri nilizopata tangu nianze kazi hii, ila umeituma kwa asiye mwenyewe. Nimeisoma mimi, ambaye sijawahi kukupashia hata soksi moja. Kwa hiyo ukate ukurasa huu wa gazeti uende nao huko kwenye boila, na ukilemewa na maneno mpe asome. Mwenzako amekaa miaka yote bila kusikia hata robo yake.

Harusi ibaki kwenye baridi, siku ile ile, ukumbi ule ule, na fulana ya mama mkwe uivae, hiyo ni baraka usiitolee nje.

Na gauni lisikutie hofu. Dobi hodari anaondoa masizi kwenye kitambaa cheupe, hiyo si kazi ngumu kwake. Ila harusi ikishapita, siku unalikunja, ukikuta alama ya vidole vyeusi kwenye mkono wa gauni, usilipeleke kwa dobi.